Safari ya Lambwe: Wasia Tuliouchelewesha

Tunaanza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetupeleka na kuturejesha salama. Kisha tunawaomba radhi wasomaji wa ukurasa huu, kwani kisa tunachokisimulia kina aibu yetu ndani yake. Tumekubaliana nyumbani kukiandika kwa sababu huenda katika nyumba nyingine pia kuna wasia uliowekwa kando, unangoja mwaka ujao.

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia mambo matatu. Mawili tuliyatimiza upesi: madeni yake yalilipwa, na kiwanja chake kikagawanywa kwa sheria ya mirathi bila ya ugomvi. La tatu likabaki. Alitutaka twende Lambwe, bonde lililo katika kaunti ya Homa Bay karibu na Ziwa Viktoria, tukamsalimie mwanamke ambaye baba hakumwita ila kwa jina la heshima: Mama wa Lambwe.

Bonde hilo limelala kati ya vilima vya Gwasi na Gembe upande mmoja, na ukingo mrefu wa Kanyamwa upande wa pili. Nyasi zake ni ndefu na vichaka vyake vizito, na humo huishi mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, inzi anyonyaye damu na kueneza malale. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maradhi hayo yalilipuka upya Lambwe. Baba, wakati huo kijana wa Mombasa mwenye mke na mtoto mmoja, aliajiriwa mwaka 1982 kuendesha lori lililochukua mapipa ya dawa ya kuulia mbung'o. Akapanga chumba katika boma la mjane mmoja.

Yule mama hakuwa Muislamu, wala hakuwahi kuishi na Muislamu. Siku ya kwanza alipotaka kumkirimu mpangaji wake kwa kuku, baba alimweleza kwa haya kwamba dini yetu ina utaratibu wake wa kuchinja. Hakununa wala hakuuliza mara mbili. Tangu siku hiyo kila kuku aliyeliwa na baba pale aliletwa hai, miguu imefungwa kwa kamba, pamoja na kisu kilichonolewa, na baba akaelekea kibla akachinja mwenyewe.

Baada ya miezi mitano baba alishikwa na homa. Akadhani ni malaria, akameza vidonge. Homa ikawa inakuja na kuondoka, kichwa kikawa kinamgonga, kisha usingizi ukageuka: usiku macho makavu, mchana anasinzia na tonge mkononi. Mjane yule alikuwa amemzika mumewe kwa maradhi hayohayo. Siku alipoona tonge limemwanguka baba naye hana habari, hakungoja mtu wa kumshauri. Alimlaza juu ya mkokoteni wa ng'ombe hadi barabarani, akamfikisha hospitali, akakaa naye wiki tatu akimfulia na kumnywesha uji, huku sindano zikiendelea. Malale ya upande huu wa Afrika hayampi mtu nafasi kubwa. Vijidudu huingia katika damu, kisha hufika kwenye ubongo, na asiyetibiwa hufa kwa wiki au kwa miezi.

Baba alirudi Mombasa amekonda, lakini yu hai. Sisi ni ndugu wanne, na watatu kati yetu tulizaliwa baada ya hapo. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Alimwandikia barua kwa miaka kadhaa, kisha barua zikakatika. Alipofariki, miaka saba iliyopita, deni likawa letu. Mwaka wa kwanza tulisema acha eda ya mama iishe. Wa pili tukasema karo. Kisha korona ikafunga njia. Njia zilipofunguliwa hatukuwa na kisingizio tena, na bado tuliendelea kusema "mwaka ujao, inshallah", tukilifanya jina la Mwenyezi Mungu kuwa pazia la uvivu wetu.

Mwezi wa Agosti 2025 redio ilitangaza kwamba Shirika la Afya Duniani limethibitisha Kenya imeyatokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Mama alikuwa akichambua mchele. Alizima redio, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Haya, malale yameshaondoka, na nyinyi bado hamjakwenda." Wiki hiyo ndiyo tuliyoanza kukusanya nauli.

Tulisafiri watu saba: mama, sisi ndugu wanne, mke wa kaka yetu na mwanawe wa miaka kumi na minne. Kaka ndiye aliyekuwa maharimu wetu. Mama ana miaka sabini na goti lake moja limechoka, basi tulichagua garimoshi kwa kadiri lilivyofika. Tulibeba mikate ya mofa, samaki wa kukaanga na tende, ili tusihangaike kuuliza chakula halali njiani. Kwa ajili ya Mama wa Lambwe tulichukua halua, na doti ya kanga aliyoichagua mama mwenyewe. Kisu hatukubeba, kwa kuwa visu haviruhusiwi garini. Likumbukeni hilo, kwani tutalirudia.

Alhamisi mchana tulipanda reli ya kisasa pale Miritini, reli iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Tsavo ilipita dirishani na udongo wake mwekundu, na kijana wetu akahesabu ndovu hadi akachoka. Usiku tulilala Nairobi kwa jamaa, na siku ya pili tukaswali Ijumaa katika Msikiti wa Jamia, katikati ya jiji.

Jioni yake tuliingia katika garimoshi la Kisumu, linalopita juu ya reli nyembamba ya zamani, ileile iliyofika ziwani mwezi wa Disemba 1901. Hili si gari la mwenye haraka. Huondoka magharibi ikikaribia na kufika asubuhi, likiteremka kwanza katika Bonde la Ufa na kuipita milima ya volkano, Longonot kisha Menengai, ambayo kwetu ilikuwa vivuli tu gizani. Kutoka hapo hupanda milima ya Mau, halafu huteremka tena kuelekea ziwani, katika mkono wa Bonde la Ufa unaonyooka upande wa magharibi. Mama hakulala. Alisema anataka kuihisi njia aliyoipita mumewe, naye aliipita peke yake.

Alfajiri tulitawadha kwa maji ya chupa, tukishikana mabega ili tusianguke. Njia ilipinda na kibla kikapinda nayo. Kaka aliangalia dira ya simu, tukaelekea kadiri ya uwezo wetu na kuswali kwa zamu. Kwa faida ya msomaji: sisi wa Mombasa tumezoea kibla kilicho kaskazini hasa, lakini huko ziwani inakubidi ugeuke kidogo upande wa mashariki. Jua nalo huchelewa kutua kwa kiasi cha dakika ishirini kuliko kwetu. Asiyezingatia hilo ataswali magharibi kabla ya wakati wake, na aliyefunga atafungua jua lingali juu.

Kutoka Kisumu tulikodi matatu ndogo. Karibu na Kendu Bay dereva alitusimamisha ukingoni mwa ziwa dogo la mviringo, maji yake ya kijani, na heroe wachache wakichovya midomo pembeni. Linaitwa Simbi Nyaima. Wataalamu husema ni shimo lililochimbwa na mlipuko wa volkano kisha likajaa maji ya magadi. Wajaluo wana kisa chake. Wanasema hapo palikuwa na kijiji, na usiku mmoja wa karamu akaja bibi kizee mwenye njaa, akafukuzwa mlango baada ya mlango. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea na kumpa chakula. Bibi akamwambia achukue watu wake waondoke. Mvua ikanyesha, na kijiji kikadidimia pamoja na ngoma zake.

Mama alisimama ukingoni muda mrefu, ameegemea mkongojo. Mwishowe alisema, "Kijiji kizima kilikuwa na mwanamke mmoja tu." Hakuongeza neno, nasi hatukumuuliza, kwani sote tulijua anamfikiria nani.

Usiku huo tulilala Homa Bay. Jumapili asubuhi tuliingia Lambwe kwa kupitia Hifadhi ya Ruma, mbuga iliyo ndani ya bonde lenyewe. Hapa ndipo mahali pekee nchini Kenya alipobaki korongo, swala mkubwa mwenye masikio marefu na uso wa rangi mbili. Hatukumwona, kwani wamebaki wachache mno. Tuliwaona twiga wametulia kati ya migunga, na nyuma yao vilima vilivyosimama kama ukuta.

Mlangoni mwa hifadhi ndipo tulipopata mtihani ambao hatukuutazamia. Askari wa wanyamapori, kijana mwenye adabu, alimtazama mama na sisi mabinti, akainamisha macho, akasema, "Shikamoo mama. Msinielewe vibaya, lakini nguo hizi zitawaletea taabu." Akatuonyesha vitambaa viwili, cha buluu na cheusi, vilivyoshonwa pamoja na kutundikwa mtini. Ni mtego wa mbung'o. Inzi huyo huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, huja na kutua, na dawa iliyopakwa kitambaani humuua. Sisi wanawake watano tulikuwa tumevaa buibui, jeusi kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu.

Mama alicheka. "Kumbe mtego nao umevaa buibui kama mimi!" Kisha akanyamaza, kwani jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Tangu alipovunja ungo hajapata kutoka mlangoni bila ya buibui, na wala hakuwa tayari kuanza kwenye uzee. Lakini aliyekuwa amekuja kumshukuru ni mtu aliyemwokoa mumewe na mbung'o. Ingekuwa kiroja akamwendea huku akiwaita mbung'o kwa vazi lake. Tulishika kanga nne kuzunguka mlango wa gari, na ndani yake mama akavua buibui, akavaa vazi lake la kuswalia, jeupe, lililomfunika kutoka kichwani hadi miguuni. Alipotoka alisema, "Alhamdulillahi. Leo nitatembea kama niliye juu ya mswala." Nasi tukabadilisha, kila mmoja kwa alichokuwa nacho cha rangi hafifu. Tuliona kwa macho yetu kwamba stara haikupungua hata chembe. Weusi wa buibui ni ada yetu tuipendayo, na stara ni amri. Siku ile tulizitenganisha mbili hizo kwa mara ya kwanza.

Baada ya kuvuka hifadhi gari lilikwama. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo mweusi wa Lambwe ukilowa hushika gurudumu kama ulimbo. Boma tulilolitafuta lilikuwa juu, kwenye miteremko ya Gwasi. Kijana mmoja wa sokoni alikubali kutuongoza, akatwambia ni mwendo wa saa moja. Kwetu sisi ulikuwa saa mbili na nusu.

Tulipanda polepole, tukipumzika kila mama alipoinua mkono. Njia ilipita kati ya mashamba ya mahindi na mtama, na mawe meusi yaliyotobokatoboka yalilala kila mahali. Kiongozi wetu alisema vilima vyote vile ni mabaki ya mlima mmoja mkubwa wa moto. Watu wa elimu ya miamba wanauita Kisingiri, nao ulizimika mamilioni ya miaka iliyopita. Jivu lake lilifunika nchi hadi kisiwa cha Rusinga na kuvihifadhi vilivyofunikwa. Humo ndimo Mary Leakey alimofukua mwaka 1948 fuvu la mnyama wa kale wa jamii ya masokwe. Tulipogeuka tuliliona bonde lote chini yetu, la kijani na kimya, na ukingo wa Kanyamwa ng'ambo. Mtu asingedhani kwamba chini pale watu walikuwa wakizikana kwa sababu ya inzi.

Adhuhuri ilipofika tuliswali kwenye ubao wa kilima, rakaa mbili mbili, adhuhuri pamoja na alasiri, kwa ruhusa ya msafiri. Watoto wa jirani walikaa mbali wakitutazama bila ya kelele.

Bomani alitupokea mwanamke wa makamo. Kaka alitoa salamu, akajitambulisha kwa jina la baba, akasema tumetoka Mombasa kumtafuta mama mwenye boma. Yule mwanamke alishika mdomo. Kisha akatukaribisha tukae chini ya mwembe, akaleta maji ya kunawa, na baada ya kutuona tumetulia ndipo akasema, "Mimi ni mke wa mwanawe. Mama hayupo. Tulimzika."

Mama akauliza, "Lini, mwanangu?"

"Mwezi wa nne ilitimia miaka mitatu."

Hakuna aliyetazama uso wa mwenzake. Kila mmoja wetu alikuwa akifanya hesabu ileile kimyakimya. Baba ana miaka saba kaburini, naye ana mitatu. Miaka minne mizima yule mama alikuwa hai, ana masikio ya kusikia salamu na mikono ya kupokea kanga, nasi tuko Mombasa tunasema mwaka ujao.

"Alikuwa akitutaja?" mama aliuliza.

"Alisema mtakuja," akajibu, akainuka na kwenda jikoni.

Aliporudi alikuwa ameshika kuku hai mkono mmoja, miguu imefungwa kwa kamba. Mkono wa pili alikuwa na kisu. Alikwenda moja kwa moja mbele ya kaka akampa vyote viwili. Hatukuwa tumemwambia lolote, na kiongozi wetu hakujua habari hiyo. "Mama mkwe alituusia," alisema. "Watu wa Mombasa wakija, msiwachinjie. Wapeni kuku na kisu, watachinja wenyewe."

Kaka ni mtu mzima mwenye ndevu za mvi. Alisimama na kuku mkononi, akashindwa hata kuuliza kibla kiko wapi. Kijana wake ndiye aliyemgeuza kwa bega. Akapiga bismillahi, akachinja, na sauti yake haikutoka sawasawa.

Basi kulikuwa na wasia mbili, ndugu wasomaji. Mmoja uliachwa Mombasa na Muislamu, mwenye watoto wanaojua uzito wa neno wasia na hukumu yake. Mwingine uliachwa Lambwe na mjane asiyejua kusoma, asiye wa dini yetu. Wa kwake ulikuwa tayari siku zote, umenolewa. Wa kwetu ulichelewa.

Baada ya kula tulipelekwa kwenye kaburi lake, kando ya nyumba. Tulisimama kimya. Mama alizigeuzageuza zile kanga mikononi mwake, kwani alizinunua kwa jina la mtu mmoja na mtu huyo hakuwapo. Mwishowe alimfunga mke wa mwana kanga moja kiunoni na kumtandika ya pili mabegani, kama tunavyomfanyia bibi harusi wetu, akamwambia, "Nilikuja kwa mama yako, nimekukuta wewe. Basi wewe ndiye dada yangu." Wakalia pamoja. Nasi hatukujifanya tuna vumbi machoni.

Tuliteremka jua likielekea ziwani. Wenyeji walitusindikiza hadi gari lilipokwama, wakalisukuma pamoja na dereva hadi likatoka. Namba za simu zimeandikwa, na binti yao mkubwa amealikwa kwetu shule zitakapofungwa, akaione bahari. Tumeshamwambia mama kwamba nauli yake iko tayari, naye akauliza iko tayari kwa maneno au kwa fedha. Tukampa bahasha aiweke mwenyewe.

Siku ya Jumatatu tulirudi kwa basi, mchana na usiku, miguu imevimba. Mama alivaa buibui lake tena tulipotoka Lambwe. Lile vazi jeupe hakulifua hadi siku ya tatu; lilikuwa na tope jeusi kwenye pindo, naye alipenda kulitazama.

Mja huusiwa kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla ya jasho lake kukauka, na wema ni deni lisiloandikwa na dukawalla yeyote. Fedha unaweza kuwalipa warithi. Lakini neno la shukrani lina mwenyewe, na mwenyewe akiondoka, utakalotoa baada yake litapokelewa na mtu mwingine. Tunawausia wasomaji wetu, hasa sisi tulio na wazazi waliotangulia: fungueni leo hii wasia mlioachiwa, mtazame ni jina gani bado lina pumzi. Aliye karibu mwendeeni kwa miguu. Aliye mbali, njia zipo.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu, atusamehe kuchelewa kwetu, na awazidishie kheri watu wa boma lile. Amin.